Kubadilisha plagi za gari nyumbani: mwongozo kwa wenye Toyota za injini ya 1NZ-FE

Plagi nne za IST, Probox, Raum au Fielder yenye injini ya 1NZ-FE hubadilishwa ndani ya saa moja, kwa vifaa vinavyoenea kwenye mfuko mmoja. Hugusi taimingi, humwagi oili, hufungui bomba la mafuta. Hatari ni moja tu, nayo ni kubwa: silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini ambamo plagi hufungwa, ni ya alumini na plagi ni ya chuma. Plagi ikiingia upande au ikikazwa kupita kiasi, meno ya alumini ndiyo yanayokufa, na kazi iliyohitaji plagi nne inageuka kazi ya kupeleka silinda hedi kwa fundi wa mashine. Ndiyo maana maelezo mengi hapa yanahusu mkono wako: unavyolegeza, unavyoanzisha meno, na unapoacha kukaza.

Hakikisha kwanza una injini gani

1NZ-FE ni injini ya lita 1.5, silinda nne, yenye koili nne, vifaa vinavyoipa plagi umeme wa cheche, kila koili imekaa moja kwa moja juu ya plagi yake. Utaikuta pia kwenye Spacio, Platz, Succeed, Sienta, Ractis, na Premio au Allion za lita 1.5. Ndugu yake 2NZ-FE ya lita 1.3 hufunguliwa kwa njia hiyo hiyo. Fungua boneti, tafuta kibati cha maelezo ya gari, uone kama kimeandikwa 1NZ-FE. Usikisie kwa jina la gari peke yake, kwa sababu Vitz, kwa mfano, imetoka na injini kadhaa tofauti, ikiwemo ya lita 1.0 yenye silinda tatu.

Kama gari lako ni jingine, kanuni za kukaza na kusoma plagi ni zile zile, ila njia ya kuzifikia hubadilika. Nissan Note na Tiida zenye injini za familia ya HR zina manifoldi ya hewa iliyolala juu ya plagi, na lazima iondolewe kwanza. Hiyo si kazi ya kuanzia. Honda Fit za kwanza za lita 1.3 zina plagi nane, mbili kwa kila silinda, kwa hiyo anayekuuzia nne amekuuzia nusu. Subaru plagi zake ziko ubavuni, nafasi ya mkono ni finyu. Premio za D-4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hutumia plagi maalumu zisizobadilishana na hizi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche kabisa.

Zinapaswa kubadilishwa lini

Plagi za kawaida za nikeli zibadilishe kila kilomita 20,000 hivi. Zikifika 30,000 zimeshachoka hata kama gari bado linatembea. Plagi za iridiamu za muda mrefu, zile zenye kipande cha platinamu kwenye elektrodi ya pembeni (elektrodi ni ncha mbili ambazo cheche huruka kati yake), hufika kilomita 100,000. Si kila plagi iliyoandikwa iridiamu inafika huko. Zipo za iridiamu ambazo elektrodi ya pembeni ni nikeli tupu, na hiyo huisha mapema. Kama umeagiza gari lililotumika na hujui lini zilibadilishwa, zifungue uzione.

Dalili ya plagi zilizochoka huanza gari likiwa na mzigo. Barabara tambarare halina neno, lakini ukipanda mlima Kitonga na abiria watano, injini inamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, inavuta kwa kushtuka, na mafuta yanaisha haraka kuliko kawaida. Sababu ni hii: ukikanyaga mafuta, hewa na petroli vinabanwa zaidi ndani ya silinda, na cheche inahitaji umeme wenye nguvu zaidi kuvuka uwazi wa plagi, yaani nafasi kati ya elektrodi zake. Uwazi ukiwa umepanuka kwa kuliwa, koili inalazimika kutoa volti nyingi zaidi, na siku ikishindwa, silinda hiyo haiwaki. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hupiga cheche mara 25 kwa sekunde. Elektrodi huliwa chembe kwa chembe, na koili huchoka pamoja nayo. Watu wengi hununua koili mpya, kumbe iliyoiua ile ya zamani ni plagi.

Taa ya cheki injini ikiwa inawaka na kuzima huku gari linamisi, usiendelee na safari ndefu. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, kile kifaa cha kusafisha moshi, na kuyayeyusha, na masega ni ghali kuliko plagi za miaka kumi.

Kusoma namba ya plagi

Usiende dukani na kusema "nipe plagi za IST". Nenda na namba. Kwa 1NZ-FE, plagi za nikeli zinazokubalika ni Denso K16R-U11 au NGK BKR5EYA11. Ukitaka iridiamu ya muda mrefu, Denso SK16R11 au NGK IFR5A11 zina vipimo vile vile.

Chukua K16R-U11. K inakuambia meno ya kipenyo cha milimita 14, urefu wa meno milimita 19 na kichwa cha spana namba 16. Namba 16 ni kiwango cha joto, yaani jinsi plagi inavyotoa joto kwenda kwenye silinda hedi. R ni kizuizi cha ndani kinachopunguza usumbufu wa umeme kwenye redio na kompyuta ya gari. U ni umbo la mfereji kwenye elektrodi ya pembeni. Namba 11 ya mwisho ni uwazi wa milimita 1.1.

Kwenye kiwango cha joto wengi hupotea. Denso na NGK wote wawili, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, lakini hawatumii mizani moja: 16 ya Denso ni 5 ya NGK, 20 ni 6, na 22 ni 7. Plagi ya baridi kupita kiasi haipati joto la kuunguza masizi yake, inajaa weusi, hasa kwa gari la foleni za mjini. Ya moto kupita kiasi inaweza kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati na kutoboa pistoni. Usikubali "hii namba inakaribiana".

Urefu wa meno hauna mjadala kabisa. Injini mpya zaidi za Toyota kama 2ZR-FE hutumia SC20HR11, ambayo meno yake ni milimita 26.5 na kichwa chake ni cha spana namba 14. Kipenyo ni kile kile, kwa hiyo inaweza kuingia kwenye tundu la 1NZ-FE, na pistoni ikipanda itakutana nayo. Plagi fupi nayo huficha cheche ndani ya tundu, na masizi yanagandia kwenye meno yaliyobaki wazi.

Plagi bandia

Kariakoo ya Dar es Salaam na Kirinyaga Road ya Nairobi utapata plagi halisi, na duka la jirani utapata bandia iliyo kwenye boksi linalofanana kabisa. Kagua plagi yenyewe. Elektrodi ya kati iwe katikati hasa, na ya pembeni iwe imenyooka juu yake. Maandishi kwenye kauri yasibanduke kwa kukwaruzwa na ukucha. Meno yawe laini na yenye kung'aa. Pete ya gasketi chini ya kichwa isianguke ukiigeuza, kwani ya kiwandani hubanwa ili isichomoke.

Kipimo kinachowaumbua wauza bandia ni cha mita ya umeme. Iweke kwenye kipimo cha ohmu, ncha moja kwenye kichwa cha juu cha plagi, nyingine kwenye elektrodi ya kati. Plagi yenye R isome takriban kilo-ohmu 3 hadi 7.5. Ikisoma sifuri, haina kizuizi ndani na herufi R ni ya kupamba tu. Isiposoma chochote, imekatika. Ukipima zote nne ukiwa bado dukani, unajiokoa na mabishano ya kurudisha.

Vifaa

Soketi ya plagi namba 16, ile ndefu yenye mpira au sumaku ndani ya kuishika plagi. Ekstensheni yenye urefu wa milimita 150 hadi 250, maana plagi zimezama ndani ya matundu. Racheti. Soketi namba 10 kwa bolti za koili. Fila geji, vibao vyembamba vya kupimia uwazi. Tochi. Kitambaa kisichotoa nyuzi. Miwani ya kukinga macho. Pampu ya upepo: kompresa ndogo ya matairi inatosha, na hata pampu ya baiskeli iliyofungwa mrija mwembamba inafanya kazi.

Toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, ni nzuri ukiweza kuazima. Usipokuwa nayo kuna njia ya kupima kwa mzunguko, iko chini.

Kimoja kidogo ambacho wengi hawabebi: kipande cha mpira wa mafuta chenye urefu wa sentimita 25 hivi, kinachobana vizuri kwenye ncha ya juu ya plagi. Hicho ndicho kinga kuu ya meno ya silinda hedi yako, na matumizi yake tutayafikia.

Kufungua

Hatua ya 1. Injini iwe baridi. Asubuhi kabla ya kuliwasha ndiyo wakati mzuri. Kama limetembea, liache angalau saa mbili boneti likiwa wazi. Alumini ya moto ni laini, na plagi iliyobanwa na joto hutoka na meno yake. Zima gari, toa ufunguo. Kwa gari la haibridi, weka ufunguo mbali kabisa, kwa sababu injini inaweza kujiwasha yenyewe. Hakuna haja ya kuchomoa betri.

Hatua ya 2. Ondoa kava la plastiki juu ya injini. Mengine yana nati za namba 10, mengine yamekaa kwenye mipira tu na hutoka kwa kuinuliwa. Inua kila kona kwa zamu, usivute upande mmoja kwa nguvu.

Hatua ya 3. Sasa unaona koili nne zimepangwa mstari. Ukiwa umesimama mbele ya gari unatazama injini, silinda namba moja iko kushoto kwako, upande wa cheni ya taimingi. Futa eneo lote kwa kitambaa. Gari linalotembea barabara za vumbi hukusanya mchanga kuzunguka koili, na huo mchanga ukidondoka ndani ya silinda utachora kuta zake.

Hatua ya 4. Anza na silinda moja, uimalize, ndipo uende ya pili. Ukifungua zote kwa pamoja unaongeza nafasi ya uchafu kuingia na ya kuchanganya plagi za zamani ambazo utataka kuzisoma. Chomoa soketi ya waya ya koili: bonyeza ulimi wake kwanza, kisha vuta plastiki, kamwe usivute waya. Kwenye gari la miaka 15 plastiki hii imekauka kama ganda la yai, na ulimi ukivunjika soketi italegea na gari litamisi siku za mbele. Ikigoma, isukume ndani kidogo, bonyeza ulimi, ndipo uvute.

Hatua ya 5. Fungua bolti ya namba 10, weka pembeni. Shika koili, izungushe kushoto na kulia kidogo ili mpira wake uachie plagi, ndipo uivute juu wima. Mpira ukikatika ukabaki ndani, utoe kwa koleo refu lenye ncha nyembamba.

Itazame koili hiyo kwenye mwanga. Kunja mpira wake taratibu utafute mipasuko. Mstari mweusi au wa kijivu unaoshuka ndani ya mpira ni njia ambayo umeme umekuwa ukivuja, na plagi mpya haitaitibu. Mara nyingi mpira peke yake hupatikana, huna haja ya koili nzima. Mpira ukiwa na oili, usiuoshe kwa petroli. Ufute mkavu.

Hatua ya 6. Mulika tundu. Kama ni kavu, vaa miwani, ingiza mrija wa pampu hadi chini na upulize vumbi lote litoke. Kama kuna maji, gari hilo limeoshwa injini hivi karibuni. Yakaushe kwa kitambaa na upepo, na huenda umeshapata chanzo cha kumisi bila kununua kitu. Kama kuna oili, mipira ya kuzuia oili inayozunguka matundu ya plagi chini ya kava ya tapeti, kifuniko cha juu ya silinda hedi, imekufa. Ifyonze oili yote kwa kitambaa kilichofungwa kwenye bisibisi ndefu kabla ya kufungua plagi, la sivyo itamwagikia ndani ya silinda. Unaweza kuendelea na kazi, lakini panga kubadilisha gasketi ya kava ya tapeti karibuni, kwa sababu oili hiyo itaozesha mipira ya koili mpya pia.

Hatua ya 7. Shusha soketi namba 16 hadi ikae kabisa kwenye plagi. Ikikaa nusu na ukavuta, inalalia upande na kupasua kauri. Shika kiungo cha racheti na ekstensheni kwa mkono wa kushoto ili kisiyumbe, na wa kulia uvute kinyume cha saa, kwa nguvu ya polepole inayoongezeka. Plagi inapoachia utasikia mlio mfupi, kisha inakuwa laini. Toa racheti, malizia kwa vidole ukizungusha ekstensheni.

Ikiachia robo mzunguko halafu ikakaza tena, simama. Hapo ndipo silinda hedi nyingi huharibiwa. Irudishe ndani kidogo, nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, subiri dakika 15, kisha ifungue na kuirudisha nyuma na mbele, kila mara ukipata nafasi kidogo zaidi. Ikikataa kabisa, rudisha koili, liwashe gari dakika mbili tatu hadi injini iwe vuguvugu tu, ujaribu tena. Usiongeze bomba kwenye mkono wa racheti. Plagi iliyokatika ndani ya tundu ni ya fundi mwenye vifaa, si ya nyumbani.

Soma plagi za zamani

Zipange kwenye karatasi kwa namba ya silinda. Tazama ncha ya kauri inayozunguka elektrodi ya kati. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu, kama mchanga mkavu, ni afya. Weusi mkavu unaofutika kwa kidole ni masizi: petroli nyingi kuliko hewa, chujio cha hewa kilichoziba, au gari la safari fupi fupi ambalo injini haipati joto. Weusi wenye unyevu na mng'ao wa oili kwenye ncha yenyewe, si kwenye meno tu, maana yake oili inapita kwenye ringi za pistoni au mipira ya valvu. Plagi moja ikiwa hivyo na tatu zikiwa safi, umeshajua silinda inayoumwa.

Kauri nyeupe kabisa, yenye vipele au elektrodi iliyoyeyuka pembeni, inaonyesha joto kali. Chunguza kiwango cha joto cha plagi, hewa inayoingia pasipotakiwa, na mfumo wa kupoza. Utando mwekundu wa kutu mara nyingi hutokana na viongeza oktani vyenye chuma au manganizi vinavyomiminwa kwenye tangi.

Alama moja huwatisha watu bure. Nje ya kauri, pale inapoingia kwenye kichwa cha chuma, mara nyingi kuna duara la kahawia lisilofutika. Wengi, hata baadhi ya mafundi, husema plagi inavujisha gesi. Si kweli. Ni chembe za oili na vumbi zilizovutwa na umeme mkali unaozunguka kauri, na plagi haina tatizo lolote kwa hilo.

Mwisho pima uwazi kwa fila geji. Plagi iliyoanza na 1.1 ikiwa imefika 1.3 au zaidi, na kingo za elektrodi zimekuwa duara, ilikuwa inaitesa koili. Kama ulimpa fundi kazi hii, mwombe plagi za zamani. Ni ripoti ya injini yako, usiiache gereji.

Uwazi wa plagi mpya

Pima kila plagi mpya kabla ya kuifunga, hata kama boksi limeandikwa imepimwa, kwa sababu plagi iliyodondoka dukani huja imebonyea. Kipande cha 1.1 kipite kwa kugusa kidogo pande zote mbili. Plagi ya nikeli ikihitaji kurekebishwa, kunja elektrodi ya pembeni tu. Usitie bisibisi kuegemea elektrodi ya kati, utapasua kauri kwa ndani na hutaona ufa. Plagi ya iridiamu usiirekebishe: ncha yake ni nyembamba mno na hukatika. Isipokuwa sawa, irudishe dukani.

Gari lililofungwa mfumo wa gesi asilia, kama mengi ya Dar es Salaam sasa, hudai umeme mkali zaidi kuliko petroli. Uwazi wa plagi za nikeli hupunguzwa, mara nyingi kati ya 0.8 na 0.9, na plagi hubadilishwa mapema kuliko kawaida. Fuata kipimo cha waliofunga mfumo wako.

Kufunga

Hatua ya 8. Meno ya plagi mpya yaache makavu. Plagi za Denso na NGK zina mipako inayozuia kutu, na watengenezaji hawashauri grisi. Grisi hupunguza msuguano, kwa hiyo kwa nguvu ile ile ya mkono plagi inakazwa kupita kiasi, na meno hunyooshwa bila wewe kujua.

Hatua ya 9. Chomeka kipande cha mpira kwenye ncha ya juu ya plagi, ishushe wima hadi iguse chini. Zungusha kwanza kinyume cha saa, polepole, hadi usikie plagi inadondoka kidogo: hapo meno mawili yamekutana. Sasa zungusha kufuata saa kwa vidole viwili. Plagi iliyoingia sawa hushuka bila ubishi. Ikiwa imekaa upande, mpira utateleza juu ya kauri badala ya kulazimisha, na hiyo ndiyo faida yake dhidi ya racheti, ambayo haina huruma. Ikigoma, itoe, anza upya. Ishushe kwa vidole hadi ikome.

Hatua ya 10. Ndipo ushushe soketi na racheti. Kwa toki renchi, kipimo cha Toyota kwa 1NZ-FE ni nyutoni mita 18. Maboksi ya plagi mara nyingi huandika 20 hadi 30 kwa meno ya milimita 14. Hicho ni kipimo cha jumla, wewe fuata cha injini. Bila toki renchi: kutoka pale plagi mpya ilipokoma kwa vidole, ongeza nusu mzunguko, basi. Nusu hiyo inaibana pete ya gasketi. Plagi iliyokwisha kutumika pete yake imeshabanwa, kwa hiyo ni sehemu moja ya kumi na mbili tu ya mzunguko, sawa na saa moja kwenye uso wa saa. Kukaza kidogo mno nako kuna madhara: plagi haigusani vizuri na silinda hedi, joto halitoki, inaungua, na gesi inavuja.

Plagi iliyokuponyoka ikaanguka sakafuni, usiifunge hata kama inaonekana nzima.

Hatua ya 11. Unaweza kupaka grisi ya silikoni kiasi kidogo sana ndani ya mdomo wa mpira wa koili, ili usigandie siku nyingine. Shusha koili wima, ibonyeze hadi usikie imekamata plagi, funga bolti kwa mkono kisha ikaze kwa upole. Bolti hii inahitaji nyutoni mita 9 hivi tu. Chomeka soketi ya waya hadi ilie. Rudia kwa silinda tatu zilizobaki, kisha rudisha kava.

Kuwasha na kutafuta kosa

Liwashe bila kukanyaga mafuta. Kama ulinyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, moshi kidogo kwa dakika ya kwanza ni kawaida. Injini itulie sawasawa. Sikiliza mlio wa "tsi-tsi-tsi" kwenye matundu: huo ni mvujo wa gesi, plagi haijabana.

Likitetemeka, zima, na usianze kushuku plagi. Mara nyingi ni soketi ya waya ambayo haijafika mwisho, au koili iliyokaa nusu. Zisukume zote tena. Likiendelea, chukua kifaa cha kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, hata kile kidogo cha Bluetooth. P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, hadi P0304. P0300 ni kumisi kusikotulia silinda moja.

Tuseme inasoma P0302. Hamisha koili ya silinda ya pili kwenda ya tatu, futa kodi, endesha kidogo. Kodi ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0302, badilishana plagi za silinda hizo mbili, injini ikiwa imepoa. Kodi ikihama safari hii, plagi mpya ina kasoro, yaelekea ufa wa kauri. Ikibaki pale pale, koili na plagi hazina hatia: pima nozeli ya petroli ya silinda hiyo na nyaya zake, kisha kompresheni. Kununua koili nne kabla ya kufanya jaribio hili la bure ni kutupa pesa.

Andika kilomita za siku hiyo kwenye kipande cha tepu na ukibandike chini ya boneti, pamoja na namba ya plagi ulizofunga, ili anayefuata kulishika gari hilo asilazimike kukisia.